Mwalimu wa Kiingereza cha Ngazi Tatu

Ndovu akila mahindi hana haraka. Watu wengi hawalijui hilo kwa sababu ndovu wao ni wa kwenye picha. Mimi nimekulia Mkongani, chini ya vilima vya Shimba, enzi ambazo waya wa umeme wa kuwazuia haujatiwa, na ndovu alikuwa akishuka alfajiri kuja shambani kwetu kama mtu aliyeitwa. Baba hakulitaja jina lake. Alisema tu, "Mwenyewe amekuja," kisha akanifunika mdomo kwa kiganja kilichonuka tumbaku.

Nakumbuka asubuhi moja nimesimama nyuma ya ghala, mwenyewe yuko pale, karibu hata pumzi yake naisikia. Anang'oa mahindi kama mama anavyochuma mchicha, bua kwa bua. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kwa jicho moja, akaendelea kutafuna. Nikajikojolea. Sioni haya kusema, nilikuwa mtoto, na wakubwa zangu wamejikojolea kwa madogo kuliko hayo.

Baada ya siku ile baba akakata shauri. Njia ya shuleni ilipita bondeni pale ndovu wanapokunywa maji, naye akasema, "Kitabu kitakungoja, mwenyewe hakungoji." Basi shule yangu ikaishia darasa la pili. Herufi nilikuja kuziokota ukubwani, kwenye mikebe ya mafuta na mabango ya hoteli za Diani nilikokuwa nikiezeka makuti. Na makuti nayo ni hadithi, maana siku hizi hoteli nyingine zinaezeka plastiki iliyotiwa rangi ya makuti, mgeni anapiga picha hajui. Lakini hayo tuyaache.

Nilitaka kusema kwamba kuna hofu ya kelele na kuna hofu ya kimya. Ya kelele unakimbia, ikaisha. Ya kimya ni ile ya kitu kikubwa kilichosimama karibu nawe, kinakutazama, hujui kinawaza nini. Nilidhani hofu hiyo nimeiacha Mkongani. Nikaikuta tena uzeeni, huku Msambweni, upande wa pili wa ua wangu, ndani ya mtu mwembamba mwenye shati la mikono mirefu aliyekuwa akisomesha Kiingereza shule ya upili.

Jina lake nalijua. Hatukulitumia mtaani, nami sitalitumia hapa. Tulimwita Mwalimu, na mtaa ulikuwa na walimu wengine watano sita, lakini ukisema Mwalimu tu, watoto walishusha sauti.

Hakupiga mtu. Hakupaza sauti hata siku moja. Alichofanya ni kuuliza swali, kisha akangoja. Basi. Mjukuu wa ndugu yangu, ambaye sasa ni mwanamume mwenye ndevu na pikipiki yake ya boda pale Ukunda, aliniambia, "Babu, wallahi, bora angenichapa. Alikuwa akikuuliza, akikaa hivi, mikono mgongoni. Unasikia nzi. Unasikia tumbo la mwenzako. Unakumbuka dhambi zako zote tangu uzaliwe. Jibu hulioni."

"Na jibu likija?"

"Likija anasema 'Endelea.' Babu, 'Endelea' yake mimi nilikuwa nikiirudia njia nzima mpaka nyumbani."

Hata mimi alinitia katika kile kimya. Siku moja nimekaa uani nashona makuti, akasimama ng'ambo ya ua na kikombe chake cha chai. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu."

"Mzee, kwa nini unaanza kushonea mkono wa kushoto?"

Nikafungua mdomo. Nimeshona makuti tangu ujana wangu na hakuna aliyewahi kuniuliza. Naye akangoja. Nikamwambia nasikia kiu, nikaingia ndani, nikakaa mle mpaka nikasikia mlango wake umefungwa. Mke wangu, Mungu amrehemu, alicheka hata akashika nguzo ya nyumba. "Mwanamume mzima! Umemkimbia mwalimu na shule hukusoma!"

Kitu kingine kuhusu yeye, alikuwa mtu wa mafungu matatu. Akinunua nyanya, atazitenga mafungu matatu juu ya kizingiti: za leo, za kesho, za kachumbari. Nazi vivyo hivyo. Samaki akiletewa kutoka Shimoni, kuna wa kukaanga, kuna wa kupaka tui, na kuna wa paka. Kuni zake mafungu matatu. Hata wageni wake, ungeweza kujua uko fungu gani kwa pale anapokukaribisha: mlangoni, barazani, au ndani kwenye busati. Mimi nilikaa barazani miaka mingi. Ndani niliingia mara moja tu, na nitafika huko.

Ajabu yake nyingine: huyo bingwa wa Kiingereza, nje ya lango la shule hakukizungumza. Siku moja Mzungu kapotea, amekuja na gari mpaka mtaani kwetu anatafuta njia ya Diani. Watoto wakamkimbilia Mwalimu, "Njoo umjibu!" Akaja. Akamwelekeza kwa Kiswahili, taratibu, neno kwa neno, akionyesha kwa kidole. Mzungu akaelewa, akashukuru, akaenda. Watoto wakaudhika sana, walikuwa wanataka tamasha. "Mwalimu, mbona hukumpa kile cha shuleni?"

"Nimeshafunga duka," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Na Kidigo chake, jamani. Alikuwa mtu wa Jego, huko chini karibu na Vanga, na Kidigo cha Jego kinapotoka kinywani mwa mtu anayekipenda ni kama uji wa mtama, kizito na kitamu. Bibi wa mtaani waliomwogopa kwa ajili ya wajukuu walimpenda kwa salamu zake tu.

Sasa nije kwenye ngazi tatu zenyewe.

Masomo yalipobadilishwa, hii habari ya gredi ya kumi na watoto kuchagua njia, shule yake ikaamua Kiingereza kitasomeshwa kwa ngazi tatu. Cha chini, cha kujua kusoma tangazo na kuandika barua ya kuomba kazi. Cha kati. Na cha juu, ambacho ndani yake watoto wanasoma riwaya na tamthilia, wanasimama wanabishana kwa hoja. Cha juu ndicho kilichokuwa kikifungua mlango wa fasihi, na mtoto anayetaka uwakili au uandishi wa habari aliambiwa asikikose. Kuhama baadaye haikuwezekana kirahisi. Mtoto akishaingia ngazi yake, vitabu vimegawanywa, walimu wamegawanywa, imekwisha.

Mjukuu wangu Mwanatumu, mtoto wa binti yangu Riziki, alikuwa anaingia gredi hiyo. Alitaka uwakili. Ameutaka tangu utotoni, tangu alipomwona wakili mwanamke kotini Kwale akimnyamazisha tajiri mmoja aliyekuwa anadai viwanja vya watu. Alirudi nyumbani siku hiyo akawapanga kuku, akawashtaki.

Wazazi tukaitwa shuleni. Nikaenda na Riziki. Tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwalimu akasimama mbele, mikono mgongoni, na nikaona watu wazima, wavuvi, wenye maduka, wameinamisha vichwa kama vile hawajafanya kazi ya nyumbani.

Akatueleza ngazi. Akasema, "Mimi nashauri. Anayeamua ni mzazi. Hiyo ndiyo kanuni. Kwa hiyo nitamwuliza kila mzazi: mwanao anakiwezaje Kiingereza, na aingie ngazi gani?"

Wa kwanza alikuwa Mama Brayo. Huyu ni mtu wa bara, anafanya kazi ya vyumba kwenye hoteli Diani, mtu wa kucheka. Akainuka na mkoba wake. "Wa kwangu ni wa juu, Mwalimu. Huyo kijana ni moto! Hata mimi hunikosoa kwa nyumba, ati mum, hiyo grammar si poa." Watu wakacheka. Mwalimu akaandika.

Kisha akaanza kutuuliza sisi wa pwani.

Sasa, msomaji ambaye si wa huku ni lazima nimweleze. Kwetu mtoto hasifiwi mbele za watu. Husuda ipo, kijicho kipo, na jicho halihitaji mtu mbaya, hata la shangazi anayempenda mtoto linaweza kumshika. Ukitaka kumsifu, tanguliza mashallah, na hata hivyo heri usimsifu kabisa. Mtoto mnene husemwa amekonda. Mwenye akili husemwa anajikokota. Hatusemi uongo, tunamfunika, kama unavyofunika chungu nzi wasiingie.

Basi mzee mmoja mwenye duka akaulizwa, akasema, "Wangu? Aa, huyo bora liende." Mwalimu akangoja. Mzee akaongeza, "Mtie huko chini, Mwalimu." Na mwanawe huyo alikuwa akisoma magazeti ya Kiingereza dukani tangu ana meno ya utoto! Wa pili, chini. Wa tatu, mama wa mapacha: "Wote wawili vichwa vigumu, baba, chini." Chini, chini, chini. Wa bara juu, wetu chini. Mama Brayo akanigeukia akaninong'oneza, "Mzee, hawa watoto wenu wote ni wagonjwa ama?"

Ikafika zamu ya Riziki. Akaivuta leso yake begani.

Riziki alikuwa na mtoto kabla ya Mwanatumu, mvulana. Siku ya Idi yule mvulana alisimama mbele ya watu akasoma, akasoma vizuri mno, na watu wakamsifu mchana kutwa: huyu daktari, tazama daktari wetu, daktari njoo hapa. Mvua za masika hazijakatika tukamzika. Hospitali walisema ni malaria iliyopanda kichwani, na pengine walisema kweli. Lakini mamake mpaka leo akisikia neno daktari hushika tumbo.

"Mama Mwanatumu," Mwalimu akasema. "Mwanao anakiwezaje?"

"Ni mzito, Mwalimu."

Akangoja.

Nzi nikamsikia. Nikasikia bahari pia, na bahari iko mbali na shule ile.

"Ni mzito," Riziki akasema tena. "Mtie chini."

Nami nilikuwa naitikia kwa kichwa, naam, naam. Mwalimu akatuangalia kwa lile jicho lake, halafu akaandika.

Mwanatumu alikuwa dirishani. Hatukumwona.

Nyumbani hakulia wala hakugomba. Ingekuwa afadhali. Alifanya kazi zake, na kesho yake akatoa vitabu vyake vya hadithi vya Kiingereza akampa mtoto wa jirani. Nikamwuliza, "Mbona unagawa mali?"

"Ni vizito, babu," akasema. "Vya watu wepesi wa kichwa."

Nikamwomba anisomee karatasi moja, tangazo la maji tu, kama alivyozoea. Akasoma akigugumiza kwenye kila neno. Mtoto ambaye jana yake alikuwa akisoma kama maji ya mfereji! Nikamtazama usoni nione kama anafanya mzaha. Hakuwa na mzaha. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanguka. Tulimfunika asionekane, na kumbe amejifunika na yeye. Nikawaza, jicho lina njia nyingi, na hii moja tumelifungulia sisi wenyewe mlango.

Riziki alimsikia akigugumiza. Alikuwa anakuna nazi. Akaacha mbuzi ya kukunia na nazi pale pale, akaingia chumbani.

Nikaenda kwa Mwalimu. Nikapiga hodi. Akafungua mlango, akanitazama, na badala ya baraza akasogea kando nipite. Ndani. Nikakaa kwenye busati.

"Mwalimu," nikasema, "yule mtoto si mzito."

"Najua, mzee. Nimesahihisha kazi yake."

"Unajua!" Hasira ilinipa nguvu kidogo. "Wewe mtu wa Jego. Unajua kwa nini tumesema vile. Mbona umeandika?"

"Kanuni ni mzazi aseme."

"Basi mimi nasema! Mtie juu."

"Wewe babu yake. Mamake aseme. Na aseme pale pale mbele ya watu, kwa sababu mtoto alisikia mbele ya watu. Ijumaa ndiyo mwisho, ngazi zinafungwa. Nimewaita wazazi tena."

"Unataka tumzike na huyu?"

Hapo nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwake. Alitazama chini. Mikono yake, ile ya mgongoni, ilikuwa mbele sasa, na vidole vinachezacheza na ukingo wa busati kama vya mtoto.

"Mzee," akasema, na sasa alisema kwa Kidigo, "unadhani mimi siogopi? Mimi naogopa kuliko nyinyi. Mama yangu aliulizwa hivyo hivyo kule Jego, nami nimesimama naye. Akasema, huyu mjinga tu, mpeni jembe. Alikuwa akinipenda. Nilijua ananificha. Lakini nilikuwa mdogo, na nusu yangu ikamwamini. Nikasoma, nikashinda, nikapata kazi, nikamjengea jiko, na kila nikienda kwake nilikuwa nangoja. Nangoja aseme. Amekufa hajasema."

Mara hii hakuwa amemwuliza mtu swali, lakini alikuwa akingoja bado.

Nilipaswa kumwambia neno. Nikasema, "Pole." Nikaenda zangu.

Riziki nikamwambia yote, ila hayo ya mamake Mwalimu nilibaki nayo. Siku zile zilizobaki alikuwa anaamka, anaswali, anamtazama Mwanatumu akifagia, anaingia tena ndani. Alhamisi akaniuliza, "Baba, na nikisema, halafu?"

"Sijui, mwanangu."

"Na nisiposema?"

"Huyo unamwona."

Ijumaa baada ya sala tukaenda. Madawati yale yale, magoti yale yale. Watoto safari hii walikaa nyuma, Mwalimu amewaita makusudi. Akasimama, akauliza, "Kuna mzazi mwenye kubadilisha?"

Yule mwenye duka akakuna kichwa. Mama wa mapacha akaangalia dari.

Riziki akainuka. Leso ilikuwa imemteleza begani, hakuiona. Uso wake ulikuwa kama uso wa mtu aliyesimama nyuma ya ghala na mwenyewe yuko mbele yake.

"Mwanangu," akasema. Akaanza upya. "Mwanangu Mwanatumu anajua. Mimi nilisema uongo. Anajua kusoma kuliko mimi, kuliko babake, kuliko... anajua sana. Aingie cha juu. Atakuwa wakili."

Akasimama pale, akingoja paa limwangukie.

Na mzee mmoja nyuma akasema, "Mashallah." Halafu mwingine. Halafu darasa zima, "Mashallah, mashallah," mpaka wa bara nao, Mama Brayo akipiga kifua, "Mashallah kabisa! Ai ai ai, mtoto wa mtu!" Mwanatumu alijifunika uso kwa mtandio wake mweupe na mabega yanamtikisika.

Kumbe lilikuwa bwawa lililongoja jiwe moja litolewe. Mwenye duka akaruka, "Na wangu! Wangu anasoma magazeti!" Mashallah. Mama wa mapacha, "Wa kwangu mmoja juu, huyu mwingine kweli kichwa kigumu, mwacheni cha kati." Watu wakacheka hata wakalia, na yule pacha wa kati akacheka kuliko wote. Kila jina tukalipokea kwa mashallah, kwa sauti, tunawakinga watoto wetu kama watu wanaotupa mchanga juu ya moto. Mwalimu anaandika, anaandika. Alipomfikia Mwanatumu aliinua macho, akamtazama mtoto kule nyuma, akasema neno moja.

"Endelea."

Tulikuwa tumelewa, nasema kweli. Hofu ikikutoka ghafla inakuacha kama mlevi. Watu wanapeana mikono, Riziki amekaa ananifutia machozi mimi badala yake. Ndipo bibi mmoja, mtu mwema, hana kijicho hata cha kuku, akasimama na fimbo yake akaielekeza mbele, kwa Mwalimu.

"Na huyu Mwalimu je? Mbona hamumsemi huyu? Mwalimu kama huyu Kwale nzima hakuna! Ana akili huyu! Mama aliyemzaa alizaa mtu!"

Tukapiga makofi. Tulipiga makofi sana, na vigelegele.

Yeye alikuwa ameshika kalamu. Akatuangalia, mstari kwa mstari, kama anavyoangalia darasa baada ya kuuliza. Uso wake ulilainika, nikamwona alivyokuwa mtoto. Halafu nikaona ukibadilika. Alikuwa anasikiliza. Makofi yakapungua, yakaisha, na bado anasikiliza, na mimi mgongo wangu ukaingiwa na baridi kwa sababu nilielewa anangoja nini. Mashallah zote tulikuwa tumezitumia kwa watoto. Kwake hakuna aliyeitamka, hata mmoja, na sifa ile kubwa ilikuwa imesimama juu yake tupu, haina kifuniko.

Nikafungua mdomo niiseme. Ulimi ulikuwa mkavu, umegandamana na meno, kama siku ile aliponiuliza habari za makuti.

Akaweka kalamu juu ya meza. Akavuta mikono ya shati mpaka kwenye vifundo. Mkoba wake hakuuchukua. Akapita katikati ya madawati, akiwaamkia wazee kwa kuinamisha kichwa, akatoka mlangoni, akakata uwanja wa shule taratibu, akafungua lango, akalifunga nyuma yake kwa adabu, akashika njia ya kusini, ya kwao Jego, wala hakurudi tena.